P2, PEP na PrEP: kila moja na kazi yake, na magonjwa ambayo hakuna hata moja inayoyazuia

Wauza dawa wa Kondele na Nyalenda mjini Kisumu wanaijua vyema hali hii. Jumapili jioni au Jumatatu asubuhi kijana huingia dukani, husubiri wateja wengine watoke, kisha huulizia P2, kidonge cha dharura cha kuzuia mimba, kwa sauti ya chini. Akishapewa huongeza swali moja: je, itazuia na ugonjwa pia? Mwingine amesikia kwamba kuna dawa ya saa 72 ya kuzuia virusi, naye anaamini kuwa ndiyo hiyo hiyo aliyoishika mkononi. Wa tatu anataka PEP, dawa ya VVU ya baada ya hatari, lakini anaitaja PrEP, ile ya kabla ya hatari, na asipokutana na muuzaji mvumilivu hutoka na kitu kisichomfaa kabisa.

Wanaochanganya mambo haya si wajinga. Majina mawili yanafanana masikioni, saa 72 zinatajwa kwa dawa mbili zisizohusiana, na zote humezwa kwa siri, bila mtu wa kuulizwa. Hali ilizidi kuwa ngumu mwaka wa 2025, pale msaada wa Marekani ulipositishwa ghafla mwezi wa Januari na baadhi ya vituo ambavyo vijana wa eneo la ziwa walikuwa wamevizoea vikafungwa, au huduma zake zikahamishiwa katika idara za kawaida za wagonjwa wa nje. Kijana aliyekuwa akienda kwa mshauri anayemfahamu sasa anauliza marafiki, na marafiki hawajui zaidi yake.

Tuanze na maana za maneno. Maambukizi ya zinaa ni yale yanayopita kutoka kwa mtu mmoja hadi mwingine hasa kwa njia ya ngono, iwe ya uke, ya mdomo au ya njia ya haja kubwa. Baadhi husababishwa na bakteria, nayo ni klamidia, kisonono na kaswende. Trikomona husababishwa na kimelea kidogo kisichoonekana kwa macho. Haya manne hupona kabisa yakitibiwa ipasavyo. Mengine husababishwa na virusi: VVU, malengelenge ya sehemu za siri, virusi vya HPV vinavyoweza kuleta saratani ya mlango wa kizazi, na homa ya ini aina ya B. Ya virusi hudhibitiwa kwa dawa au kuzuiwa kwa chanjo, lakini mengi yake hayana dawa ya kuyafuta mwilini. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kila siku watu zaidi ya milioni 1 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 duniani hupata mojawapo ya yale manne yanayotibika, na wengi wao hawahisi lolote.

Sasa turudi kwenye dawa tatu za dukani na hospitalini.

P2 ni homoni. Kazi yake ni kuchelewesha yai lisitoke, ili mbegu ya mwanamume isilikute. Humezwa ndani ya saa 72 baada ya ngono bila kinga, na kadiri inavyomezwa mapema ndivyo inavyofanya kazi vizuri zaidi. Haitoi mimba iliyokwisha kutunga, na haigusi mdudu wala kirusi cha aina yoyote. Msichana aliyemeza P2 saa moja baada ya tendo yuko katika hatari ile ile ya kupata kisonono ambayo angekuwa nayo bila kuimeza.

PEP ni dawa za kupunguza makali ya VVU anazopewa mtu ambaye hana virusi lakini huenda amekutana navyo: kondomu imepasuka, amebakwa, au amechomwa na sindano iliyotumika. Nayo lazima ianzwe ndani ya saa 72, ikiwezekana siku hiyo hiyo, kisha imezwe kila siku kwa siku 28 bila kukatiza. Huanzishwa na mhudumu wa afya baada ya kipimo cha VVU, kwa sababu mtu ambaye tayari ana virusi anahitaji matibabu ya aina nyingine.

PrEP hutangulia hatari. Ni ya mtu asiye na VVU ambaye anajua kuwa anaweza kukutana navyo, kwa mfano mwenye mpenzi asiyeijua hali yake. Vidonge vyake, vinavyotolewa katika hospitali za umma nchini Kenya tangu 2017, humezwa kila siku, na huchukua takribani wiki moja ya kumeza mfululizo kabla ya kinga kukamilika kwa mwanamke. Anayevimeza siku za wikendi peke yake, kama baadhi ya wasichana wanavyofanya, hana kinga ya kutegemewa.

Kwa hiyo P2 huzuia mimba tu, nazo PEP na PrEP huzuia VVU tu. Klamidia, kisonono, kaswende, trikomona, malengelenge na HPV hazizuiliwi na yoyote kati ya hizo tatu. Hapa ndipo naona tumewakosea vijana wetu. Kwa miaka thelathini tumewafundisha kuogopa mambo mawili, mimba na UKIMWI, na mafunzo hayo yalikuwa na sababu nzito, kwa kuwa kaunti za Kisumu, Siaya, Homa Bay na Migori zimezika watu wengi mno. Lakini kijana akishapata dawa ya kuyazuia hayo mawili, hudhani kwamba amemaliza kazi.

Ushahidi wa jambo hili umo hapa hapa kwetu. Watafiti waliwafuatilia wanawake 449 wa Kisumu wenye umri wa miaka 18 hadi 30, wote wakiwa wanatumia PrEP, na matokeo yakachapishwa 2023. Walipoanza tu, zaidi ya mmoja kati ya kila kumi alikutwa na klamidia. Hawa hawakuwa watu wasiojali afya zao. Walikuwa wamejisajili kliniki na kuchukua vidonge vya kujikinga na VVU. Katika mwaka uliofuata maambukizi mapya yaliendelea kuonekana miongoni mwao, na klamidia ndiyo iliyoongoza kwa mbali.

Utafiti huo ulikuwa na swali jingine ambalo limezaa uvumi mitaani. Ulipima kama kumeza doksisaiklini, kiuavijasumu kinachojulikana sana, baada ya ngono kungezuia magonjwa hayo. Katika nchi nyingine njia hiyo ilikuwa imeonekana kufanya kazi kwa wanaume wanaoshiriki ngono na wanaume. Kisumu haikuonyesha tofauti yenye maana kati ya waliopewa dawa na wasiopewa, na nywele za baadhi ya washiriki zilipopimwa ilibainika kwamba wengi hawakuwa wameimeza. Kwa hivyo anayenunua vidonge vya rangi mbili vya viuavijasumu kwenye kemisti kila baada ya wikendi, akiamini kwamba anajisafisha, hafuati utafiti wowote uliothibitisha njia hiyo kwa wanawake wa huku kwetu. Zaidi ya hayo, viuavijasumu vinapotumiwa ovyo, bakteria huvizoea. Kisonono kimeshashinda dawa kadhaa zilizokuwa zikikitibu zamani, na ndiyo sababu hospitalini siku hizi mgonjwa huchomwa sindano badala ya kupewa vidonge vile ambavyo kaka yake alipona navyo.

Jambo ambalo vijana wengi huliona gumu kuamini ni kwamba mtu anaweza kuwa mgonjwa bila kuumwa. Wengi wanangoja usaha, kidonda au maumivu wakati wa kukojoa. Kisonono mara nyingi humpa mwanamume dalili hizo ndani ya siku chache, lakini mwanamke mwenye kisonono hicho hicho anaweza kukaa miezi bila kuhisi chochote. Klamidia hunyamaza zaidi, kwa wanawake na kwa wanaume. Ikiachwa hupanda hadi kwenye mirija ya uzazi na kuiachia makovu, na makovu hayo ndiyo huja kuonekana miaka baadaye, msichana akiwa ameolewa na anatafuta mtoto asimpate, au mimba ikitunga nje ya mji wa mimba na kumweka katika hatari ya kufa.

Kaswende ina hila yake, na ningependa kila kijana aielewe vizuri. Huanza kwa kidonda kimoja kisichouma, ambacho kwa mwanamke kinaweza kuwa ndani kisionekane kabisa. Baada ya wiki 3 hadi 6 kidonda hupona chenyewe, hata kama mtu hajameza dawa yoyote. Aliyepakwa dawa ya miti shamba husema imemponya, na aliyeombewa husema vivyo hivyo, huku bakteria wakiwa wameingia katika damu. Baadaye vipele vinaweza kutokea, hata kwenye viganja na nyayo, navyo pia hutoweka vyenyewe. Kisha ugonjwa hukaa kimya kwa miaka, na kwa baadhi ya watu huja kuharibu moyo, ubongo au macho. Mwanamke mwenye kaswende akipata mimba anaweza kumwambukiza mtoto tumboni, na mtoto akazaliwa mfu. Hayo yote yanaweza kuzuiwa kwa sindano ya penisilini ikiwa kipimo kimefanywa mapema, na ndiyo maana akina mama wajawazito hupimwa kaswende pamoja na VVU kliniki.

Kuna pia neno UTI, ambalo katika mabweni ya wasichana limekuwa jina la kila kinachowasha au kunuka sehemu za siri. UTI ni maambukizi ya njia ya mkojo, na mtu anaweza kuyapata bila kufanya ngono kabisa. Fangasi za ukeni nazo si ugonjwa wa zinaa, na ute mweupe au usio na rangi unaobadilika kulingana na siku za mwezi si ugonjwa wa aina yoyote. Hata hivyo klamidia na trikomona pia huweza kuleta maumivu ya mkojo na majimaji yasiyo ya kawaida, kwa hiyo anayejipa jina la ugonjwa mwenyewe na kununua dawa ya UTI anaweza kutibu ambacho hana na kuacha alicho nacho. Kujiosha ndani ya uke kwa sabuni, ndimu au dawa za kuua vijidudu, ambako wengi huambiwa ni usafi, huua bakteria wazuri wanaoulinda uke na kumfanya msichana aambukizwe kwa urahisi zaidi. Maji ya kawaida kwa nje yanatosha. Ama kuhusu kiti cha choo, ambacho hulaumiwa sana, kisonono, klamidia, kaswende na VVU havipatikani kwa kukalia choo.

Ikiwa mwili hausemi, basi kipimo ndicho kinachosema, lakini nacho kina wakati wake. Ukipanda mahindi leo na kwenda shambani kesho, utaona udongo mtupu. Mbegu imo, ila haijachipua. Vipimo hufanya kazi vivyo hivyo. Mtu aliyeambukizwa VVU Jumamosi akapimwa Jumatatu ataambiwa hana, kwa kuwa kipimo cha kawaida hutafuta askari wa mwili ambao bado hawajatengenezwa vya kutosha, na inaweza kuchukua hadi miezi 3 kabla ya jibu kuwa la uhakika. Kaswende vilevile huhitaji kupimwa tena baada ya muda kama huo. Klamidia na kisonono huonekana mapema zaidi, takribani wiki 2 baada ya tukio. Wapenzi wanaopimwa siku moja kabla ya kuacha kondomu, wakapongezana kwa kuwa wote wako salama, wamepima hali yao ya miezi 3 iliyopita, wala si ya juma lililopita.

Vifaa vya kujipima VVU nyumbani vinapatikana Kenya tangu 2017, na kwa vijana wanaoogopa foleni vimekuwa msaada mkubwa. Kile cha mate hupitishwa mara moja kwenye ufizi wa juu na mara moja kwenye ufizi wa chini, huwekwa katika kichupa cha maji yake, na husomwa kwa muda ulioandikwa kwenye maelezo, si kabla wala saa nyingi baadaye. Mstari mmoja ulio mkabala na herufi C unaonyesha kwamba hakuna virusi vilivyogunduliwa. Mistari miwili, hata kama wa pili umefifia, inamtaka mtu aende kituo cha afya kwa vipimo vya kuthibitisha. Bado hajaambiwa kwamba ana VVU. Kifaa hicho hakipimi kaswende, klamidia wala kisonono.

Kondomu ndiyo pekee, kati ya vifaa ambavyo kijana anaweza kuwa navyo mfukoni, inayokinga mimba, VVU na magonjwa mengi ya zinaa kwa pamoja, mradi itumiwe kila mara na kwa njia sahihi. Tarehe ya mwisho ya matumizi iangaliwe. Pakiti ikibonyezwa isikike hewa ndani yake. Isifunguliwe kwa meno, isivaliwe mbili kwa pamoja, na isipakwe mafuta ya ngozi, kwa sababu mafuta hulegeza mpira ukapasuka. Malengelenge na HPV hupita kwa kugusana ngozi, hata sehemu ambayo kondomu haifuniki, kwa hiyo kwa hayo mawili hupunguza hatari bila kuiondoa.

Tohara nayo imezua imani yake. Utafiti uliofanyika Kisumu kwa vijana wa kiume 2,784 wenye umri wa miaka 18 hadi 24, uliochapishwa 2007, ulionyesha kwamba tohara hupunguza kwa zaidi ya nusu hatari ya mwanamume kuambukizwa VVU na mwanamke. Mwaka uliofuata mpango wa tohara ya hiari ukaanza, na jamii ya Waluo, ambayo kimila haikuwa ikitahiri, ikaupokea kwa wingi. Ni mafanikio ya kujivunia. Ila katika utafiti huo huo, waliotahiriwa walipata kisonono, klamidia na trikomona sawasawa na wasiotahiriwa. Kijana wa Kakamega au Bungoma aliyetahiriwa akiwa mdogo, na anayeona kwamba maonyo haya ni ya watu wa upande wa ziwa, anajidanganya.

Chanjo ya HPV inastahili maelezo mafupi kwa kuwa wazazi wengi wameambiwa kwamba inaharibu kizazi. Haiharibu. Ilianza kutolewa Kenya Oktoba 2019 kwa wasichana wa miaka 10, umri uliochaguliwa ili chanjo itangulie virusi, kwa sababu haitibu maambukizi yaliyokwisha kuingia. Utafiti uliowashirikisha wasichana na wanawake 2,275 wa miaka 15 hadi 20 wa Nairobi, Thika na Kisumu, uliochapishwa 2022, ulionyesha kwamba dozi moja peke yake ilizuia kwa zaidi ya asilimia 97, katika muda wa miezi 18, aina mbili za HPV zinazosababisha sehemu kubwa ya saratani ya mlango wa kizazi. Mzazi anayemficha binti yake siku ya chanjo anamnyima kinga ambayo ilithibitishwa kwa msaada wa wasichana wa hapa Kisumu.

Bado wapo wanaosema kwamba kumfundisha kijana mambo haya ni kumfungulia njia. Shirika la UNESCO lilipokusanya tafiti za nchi nyingi na kutoa mwongozo wake mpya 2018, lilieleza kwamba elimu ya jinsia iliyo kamili haiwafanyi vijana waanze ngono mapema, na kwamba programu nyingine huwachelewesha. Wala haikuja na wageni. Katika boma la Mluo wa zamani wasichana walilala katika siwindhe, nyumba ya mwanamke mzee ambaye aliwaeleza waziwazi kuhusu miili yao na wavulana. Kwa Wabukusu, msimu wa tohara wa mwezi wa Agosti uliambatana na mafunzo ya utu uzima. Leo nyanya yuko kijijini, mjukuu yuko mtaa wa Manyatta mjini Kisumu na simu, na simu hiyo ndiyo mwalimu wake.

Sheria pia inachanganya watu. Chini ya Sheria ya Makosa ya Ngono ya 2006, mtoto wa chini ya miaka 18 hawezi kukubali ngono, na mtu mzima anayefanya naye ngono ametenda kosa, hata kama alimnunulia chipsi na sodo na wazazi hawakulalamika. Kwa upande mwingine, sheria ya VVU ya 2006 inamruhusu mtoto aliye mjamzito, aliyeolewa, aliye mzazi au aliye katika hatari ya kuambukizwa kukubali kupimwa VVU bila idhini ya mzazi. Aliyebakwa asioge wala kubadilisha nguo kabla ya kufika hospitalini, na afike upesi kwa ajili ya PEP na P2. Hospitali ya Rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga mjini Kisumu, ambayo wakazi wengi bado wanaiita Russia, huwahudumia waathiriwa hawa. Nambari 1195 ya dhuluma za kijinsia na 116 ya watoto hupigwa bila malipo.

Nalisema kwa uchungu kwamba vituo vyetu huwafukuza vijana kwa maneno tu. Msichana wa sare anasimama dirishani, na muuguzi anamuuliza kwa sauti ya kusikika hadi mwisho wa foleni: mama yako anajua uko hapa? Huyo harudi tena. Anayekutana na swali hilo ana haki ya kuomba kuzungumzia chumbani, na ana haki ya kusema anachotaka kwa sentensi moja: naomba kupimwa magonjwa ya zinaa yote, si VVU pekee. Aongeze hivyo kwa makusudi, kwa sababu vituo vingi hutibu kwa kufuata dalili, na asiye na dalili hurudishwa nyumbani na kipimo cha VVU tu.

Akikutwa na klamidia au kisonono, matibabu yake hayajakamilika hadi mpenzi wake naye atibiwe. Kama mpenzi ni zaidi ya mmoja, wote watibiwe, hata wale wanaosema wako sawa, kwa kuwa wengi wao wako sawa kwa kutohisi tu. Mazungumzo hayo ni magumu, hasa kwa msichana anayeogopa kupigwa au kuachwa, na mhudumu anaweza kuombwa amwite mwenzake bila kufichua ni nani aliyemtaja. Wote wawili wasubiri siku 7 baada ya kumaliza dawa kabla ya kukutana tena, na aliyetibiwa arudi kupimwa baada ya miezi 3, kwa sababu wanaokutwa tena na ugonjwa mara nyingi wameupata upya kutoka kwa mtu yule yule ambaye hakuambiwa.